Kinanda Kikinyamaza Usiseme Kimekufa

Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai, nami leo sitaficha. Naanza kwa kukiri kwamba mimi ndiye niliyekiharibu kinanda cha kwaya yetu. Sikukiangusha wala sikukimwagia chai. Nilikichomekea adapta isiyo yake, kikanyamaza, na kwa siku nne nzima sikumwambia mtu yeyote.

Katika siku hizo nne fundi mmoja mjini alikifungua, akakitazama kwa dakika zisizozidi tano, akatoa hukumu. Ati ubongo umeungua, kukitengeneza ni shilingi 8,000, na afadhali tununue kingine. Kwaya ikaanza kuzungumzia harambee. Palikuwa na harusi Njoro Jumamosi iliyofuata, na pesa tulizokuwa tulipwe huko ndizo zilizotegemewa kununua sare za wenzetu wanne ambao hawana. Kumbe kilichokuwa kimeharibika ni kidude kimoja kinacholingana na punje ya mchele, ambacho bei yake ni shilingi 20.

Tangu wakati huo nimekuwa nikishinda kila Jumamosi kwenye kibanda cha mjomba wangu ambaye hutengeneza redio. Huletewa pia vinanda vya makanisa na vya shule, kutoka Bahati, Lanet, Rongai na hata Molo. Nimeviona vya kutosha kujua kwamba vingi vinavyoitwa maiti havijafa. Vina vumbi, ama havipati stima sawasawa, ama mwenyewe amebonyeza kitu bila kujua. Ubongo wenyewe hauharibiki ovyo. Basi hebu tuone jinsi ya kukiuliza kinanda maswali, moja baada ya jingine, kabla ya kukizika.

Kwanza tuelewane. Sizungumzii kinanda cha kale cha mvukuto wala piano ya nyuzi. Nazungumzia kinanda cha umeme ambacho wengine hukiita kibodi, kile cha vibao 61 vyeupe na vyeusi, kinachowekwa juu ya miguu ya chuma iliyopishana kama herufi X. Ndani yake hamna uzi wala filimbi. Ukibonyeza kibao, raba iliyo chini yake hushuka na kuunganisha njia mbili za umeme kwenye bodi. Ubongo, yaani ile chipu kubwa nyeusi, huuona mguso huo, huchukua sauti iliyohifadhiwa na kuituma kwenye kikuza sauti, kisha kwenye spika. Kwa hivyo kuna sehemu nne: stima inayoingia, vibao, ubongo, na sauti inayotoka. Ukishajua ni sehemu gani iliyolala, umemaliza nusu ya kazi.

Kampuni ya Casio, ile ile ya vikokotoo tunavyotumia katika hesabu, ilitoa kinanda chake cha kwanza, Casiotone 201, mwaka wa 1980. Usishangae basi kwamba ndani ya kinanda, ndani ya kikokotoo na ndani ya rimoti ya televisheni utakuta raba za aina moja. Aliyewahi kufungua rimoti akaisafisha ameshajifunza sehemu kubwa ya kazi hii.

Maswali ya kwanza hayahitaji bisibisi. Kuna vinanda vizima kabisa ambavyo huletwa kibandani kama wagonjwa mahututi. Kuna kimoja kililetwa na wazee watatu wa kanisa waliokuwa wamepanda matatu na kukilipia nauli kama abiria. Wakasema sauti yake "imepanda," waimbaji wanapasuka koo kila Jumapili. Mjomba alibonyeza vibonyezo viwili kwa pamoja, ile alama ya kujumlisha na ile ya kutoa, basi kikapona. Mtoto fulani alikuwa amecheza na kibonyezo kilichoandikwa TRANSPOSE, ambacho hupandisha au kushusha sauti zote hatua kwa hatua. Mjomba alikataa pesa yao. Alikubali chai tu.

Vivyo hivyo, kinanda ambacho kila kibao kinalia kama ngoma au kengele hakina pepo. Mtu amechagua sauti ya ngoma. Kinanda kinachojizima chenyewe baada ya nusu saa huenda kimetengenezwa kufanya hivyo ili kisimalize betri. Vipya vingi viko namna hiyo. Na kinanda ambacho taa zake zinawaka lakini spika ziko kimya, hebu angalia tundu la vipokea sauti vya masikioni. Ndani ya tundu hilo kuna swichi ndogo ambayo hunyamazisha spika mara plagi inapoingia. Ncha ya plagi ikikatikia humo, ama swichi ikigandishwa na vumbi, kinanda huamini kwamba bado kuna mtu anayesikiliza kwa masikio peke yake. Ingiza plagi na kuitoa mara kumi hivi. Mara nyingi spika hurudi zikikohoa.

Kama hayo yote hayakusaidia, chomoa adapta, toa mawe yote, kiache kinanda dakika kadhaa halafu ukiwashe tena. Katika vinanda vingi vya Yamaha unaweza pia kushika kile kibao cheupe cha mwisho mkono wa kulia huku ukiwasha, nacho husahau kila kitu na kurudi kama kilivyotoka kiwandani. Tahadhari: kitasahau pia midundo ambayo mpigaji wenu alikuwa ameihifadhi. Mwulize kwanza, vinginevyo utapata adui.

Sasa tuseme hakiwaki kabisa, hata taa ndogo. Usiruke moja kwa moja hadi kwenye ubongo. Ifuate njia ya stima kama mtu anavyoufuata mfereji kutafuta mahali maji yanapopotelea. Soketi ya ukutani ina stima? Chomeka chaja ya simu uone. Adapta nayo je? Mjomba hutumia mita, kile chombo cha kupimia volti ambacho hata maabara yetu ya fizikia inacho. Asiye na mita ana kipimo cha mnyonge, nacho ni mawe. Vinanda vingi vidogo hutumia mawe makubwa 6, kila moja volti 1.5, na 6 mara 1.5 ni volti 9. Tia mawe mapya. Kinanda kikiwaka, ubongo ni mzima na ugonjwa uko kwenye adapta ama kwenye tundu lake.

Adapta nyingi hufia shingoni. Waya hupindwa pale unapotoka kwenye kisanduku na pale unapoingia kwenye ncha, mpaka nyuzi za ndani zikatike huku ngozi ya nje ikibaki nzima. Ukiupinda kwa vidole na taa ikawa inawaka na kuzima, umeshapata jibu. Tundu la kinanda nalo huumia kila mtu anapojikwaa kwenye waya. Limeshikizwa kwenye bodi kwa matone ya risasi, na likitikiswa sana, tone hupasuka likafanya duara jembamba kama nywele kuizunguka pini. Bila kioo cha kukuzia huwezi kuuona ufa huo. Kwa mwenye pasi ya kulehemu ni kazi ya dakika mbili: yeyusha lile tone, ongeza risasi kidogo, basi. Naapa sijaona ugonjwa unaotibika kwa urahisi kama huu na unaofanya vinanda vingi hivi kutupwa.

Nifike sasa kwenye dhambi yangu. Ncha ya adapta ni ya mviringo na ina tundu katikati. Kuna adapta ambazo chanya iko ndani na hasi iko nje, na kuna zile ambazo ni kinyume chake. Kwa macho ni kama mapacha. Zinatofautishwa na mchoro mdogo kwenye karatasi ya adapta na nyuma ya kinanda: nukta iliyozungukwa na duara lisilofungika, huku mstari mmoja ukielekea kwenye alama ya kujumlisha na mwingine kwenye alama ya kutoa. Vinanda vingi vya zamani vya Casio hula volti 9, hasi ikiwa katikati. Vingi vya Yamaha hula volti 12, chanya ikiwa katikati. Ampea ni jambo jingine. Zikizidi si neno, maana kinanda huchota kiasi kinachohitaji tu. Zikipungua, kinanda huwaka vizuri halafu huzima mara unapopandisha sauti.

Mimi sikuyajua hayo. Siku hiyo ya mazoezi adapta yetu ilikuwa imesahaulika nyumbani kwa mwenzetu mmoja kule Free Area. Waimbaji walikuwa wamesimama wakiningoja, nami sikutaka kuonekana sijui. Palikuwa na adapta ya kisanduku cha intaneti kwenye ofisi ya kanisa. Niliijaribu, ikaingia bila shida, nikasema moyoni kwamba kinachoingia kinafaa. Ilikuwa ya volti 12, chanya katikati. Kinanda chetu ni cha volti 9, hasi katikati. Ikasikika harufu kama ya nywele zilizoungua, kisha kimya. Nilipoichomoa adapta na kuirudisha ofisini, mwalimu wa kwaya aliniuliza, "Vipi, kijana?" Nikamjibu, "Sijui, mwalimu. Kimekataa tu." Neno hilo "sijui" lilinikaa kooni siku nne.

Siku ya tano nilimwendea mjomba nikamweleza yote. Hakunigombeza. Alisema, "Kumbe unajua kilichotokea na ulimwacha fundi abahatishe? Mgonjwa akimficha daktari alichokula, atapewa dawa ya malaria." Akakifungua. Karibu na tundu la stima akanionyesha dayodi. Dayodi ni kama mlango unaofunguka upande mmoja tu: umeme ukija kwa njia sawa hupita, ukija kinyume hukataliwa. Watengenezaji wengi huiweka hapo mlangoni iwe askari. Katika vinanda vingine askari huyo husimama kidete na hakuna kinachoharibika. Katika vingine, kama chetu, hujitoa mhanga: yeye huungua na kuuziba mlango, walio ndani wakasalimika. Mjomba aliipima kwa mita akakuta inapitisha umeme pande zote mbili, dalili kwamba imekufa. Aliitoa, akaweka nyingine, akatafuta adapta ya volti 9 na kuipima mara mbili kabla ya kuichomeka. Taa ikawaka.

Nimeandika kirefu juu ya stima kwa sababu hapa kwetu ndiyo mwuaji mkuu. Stima hupotea na kurudi kwa kishindo. Agosti 25, 2023 ilipotea karibu nchi nzima, lakini si lazima ingoje siku kubwa kama ile. Hata mvua ya jioni hutosha. Inaporudi huweza kuja na volti zilizopanda kupita zile 240 za kawaida, na chochote kilichochomekwa hupokea pigo. Giza likiingia katikati ya ibada, jambo la kwanza ni kuchomoa adapta ukutani. Subiri dakika tano baada ya taa kurudi.

Haya, kinanda kinawaka lakini hakilii, ama kinalia nusu nusu. Hapa kuna ujanja mmoja ninaoupenda sana. Bonyeza kile kibonyezo kilichoandikwa DEMO. Kinanda kitapiga wimbo chenyewe bila mtu kugusa kibao. Ukisikika vizuri, basi ubongo, kikuza sauti na spika ni wazima, na kosa liko kwenye vibao tu. Usiposikika, chomeka vipokea sauti vya masikioni. Ukisikika humo lakini spikani hausikiki, wachunguze spika na waya zao. Kwa dakika moja, bila skrubu hata moja kufunguliwa, umeshajua ni mlango gani wa kubisha. Yule fundi wa kwanza hangeweza kufanya kipimo hiki kwa sababu chetu hakikuwaka kabisa. Lakini nimewaona wengine ambao wangeweza na hawakufanya.

Vibao ndivyo vinavyonipa kazi nyingi kibandani, na sababu yake sote tunaivuta puani. Inasemekana jina Nakuru latokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi. Menengai iliyo juu yetu ni volkano, na udongo wa pande hizi una majivu yake, mepesi kama unga. Kuanzia Januari hadi Machi kisulisuli hukokota vumbi hilo uwanjani mpaka darasani. Kinanda kinachoachwa wazi kwenye jukwaa la kanisa hulipokea vumbi hilo katikati ya vibao, wiki baada ya wiki. Likikaa baina ya raba na bodi, mguso haufiki. Kibao kinakuwa kizito kusikia: unabonyeza mara ya kwanza kimya, mara ya pili kimya, mara ya tatu kinalia kwa kishindo na kumshtua mhubiri.

Kishindo hicho nacho kina maana yake. Katika vinanda vinavyohisi nguvu ya kidole, kila kibao kina miguso miwili, sio mmoja. Kidole kikishuka, mguso wa kwanza hufunga, kisha wa pili. Ubongo hupima muda uliopita katikati yao, muda mfupi kuliko kufumba jicho. Ukiwa mfupi sana, ubongo husema kidole kilikuja kwa nguvu na kutoa sauti kubwa. Ukiwa mrefu, sauti huwa ndogo. Sasa vumbi likiuchelewesha mguso wa kwanza, miwili hiyo hufunga karibu pamoja, na ubongo hudanganyika kwamba umepiga kwa ngumi. Kwa hivyo kibao kimoja kinachopiga kelele kuliko jirani zake ni kichafu, hakijaharibika.

Wengi huogopa kufungua. Mimi pia niliogopa. Lakini mwaka wa 1887, katika mji wa Hamamatsu kule Japani, shule moja ya msingi ilikuwa na kinanda cha mvukuto kilichoharibika. Akaitwa mtu mmoja aliyezoea kutengeneza saa na vyombo vya hospitali, hakuwa mwanamuziki. Alikifungua, akakitengeneza, na baada ya kuona kilivyo ndani akaamua kuunda chake mwenyewe. Jina lake lilikuwa Torakusu Yamaha. Kwa hivyo jina hilo lililoandikwa kwenye vinanda tele vya Nakuru ni jina la fundi aliyeitwa shuleni kurekebisha kinanda kibovu.

Unapofungua, hakikisha kwanza kwamba kinanda chako ni cha adapta ya nje. Vile ambavyo waya wa ukutani huingia moja kwa moja mwilini vina stima ya volti 240 ndani, na kapasita zake hubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa. Hivyo mwachie fundi. Cha adapta, chomoa, toa mawe, kilaze kifudifudi juu ya blanketi. Chora umbo lake kwenye karatasi ya kalamu, na kila skrubu unayoitoa ichomeke kwenye karatasi mahali ilipotoka. Si mzaha. Skrubu ndefu ikirudishwa kwenye tundu la fupi hutokeza upande wa pili na kutoboa kitu. Piga picha kwa simu kabla ya kuchomoa waya wowote. Zile waya bapa kama utepe zina kishikizo kidogo cha plastiki ambacho hufunguliwa kwanza. Ukizivuta kwa nguvu zinachanika, na hapo ndipo kinanda huanza kufa kweli.

Ukishatoa vibao utaziona raba zimepangwa mistari, kila moja ina vidonge vyeusi chini yake. Vidonge hivyo ni kaboni. Usivishike kwa vidole, mafuta ya mkono huvizibia njia. Fagia vumbi kwa brashi laini ya rangi. Usipulize kwa mdomo kwa sababu mate ni maji ya chumvi. Kisha chukua vijiti vya pamba vya masikio, vitie pombe ya isopropili kidogo, na upanguse njia za kwenye bodi taratibu mpaka pamba itoke safi. Raba zipanguse kwa kitambaa kikavu. Ngoja vikauke kabisa ndipo urudishe. Spiriti ya kidonda haifai sana maana nyingine huwa na mafuta ndani. Petroli na parafini usithubutu, huvimbisha raba. Msasa nao hukwangua kaboni yote. Nimeona kinanda kilichosafishwa kwa msasa. Mwenye mkono huo sitamtaja lakini anasoma gazeti hili.

Kidonge kikiwa kimechakaa mpaka hakina weusi, waweza kukipaka penseli laini ya kuchorea, 2B au zaidi. Risasi ya penseli ni grafiti, na grafiti ni kaboni inayopitisha umeme. Dawa hii hudumu miezi michache tu.

Kabla ya kufungua, hata hivyo, orodhesha vibao vilivyokufa. Kama ni kimoja hapa, kimoja pale, bila mpango, ni vumbi. Kama vimekufa kwa utaratibu, kwa mfano kila cha nane, ama vinane vilivyofuatana, usipoteze pamba yako. Ubongo hauna waya 61 za kwenda kwa vibao 61. Hutumia njia 8 zinazolala na 8 zinazosimama, nazo 8 mara 8 ni 64, zinatosha. Ni kama mwalimu anavyomtambua mwanafunzi bila kujua jina lake: safu ya tatu, dawati la tano. Njia moja ikikatika, safu nzima haipo darasani. Hapo tafuta utepe uliolegea ama ufa kwenye bodi, maana vibao havina kosa.

Magonjwa mengine nitayapitia mbiombio. Mende hupenda vinanda kwa sababu vina joto, na kinyesi chao hula njia za shaba. Panya hutafuna waya. Ndani ya vinanda nimetoa sarafu za sadaka, pini za nywele, maharagwe mawili na kipande cha chaki. Kibao kinachokwama mara nyingi kimebeba kitu kama hicho. Mawe yaliyosahauliwa huvuja na kuacha ukoko mweupe au wa kijani kwenye vyuma vyake. Usugue kwa mswaki mkuukuu na siki kidogo, kisha upanguse kwa isopropili. Kitelezi cha sauti kinachokwaruza kisogeze juu na chini mara hamsini ukiwa umezima. Kama bado, kinahitaji dawa ya kupulizia ya mafundi. Kilichomwagikiwa soda ama chai ya maziwa, kizime mara hiyo hiyo, toa mawe, kigeuze kichwa chini, na usikiwashe kujaribu hata ukiona kama kimekauka. Sukari ndiyo mbaya, hukauka ikabaki gundi.

Na ukilazimika kwenda kwa fundi, mweleze kila kitu, pamoja na aibu yako. Mwambie umepiga DEMO na nini kilisikika. Mwombe akuonyeshe kidude kilichoharibika na akurudishie kile cha zamani. Fundi mzuri hachukii kuulizwa. Mjomba hufurahi, ingawa hujifanya amekasirika. Ukiambiwa "ubongo umeungua," uliza umepimwaje.

Ile Jumamosi kinanda kilikwenda Njoro na sare zikanunuliwa. Kabla hatujaondoka nilimwambia mwenyekiti wa kwaya ukweli. Mama yule alinitazama kwa muda, akasema, "Mwanangu, na zile siku nne tulizokuwa tukiomba Mungu atupe kinanda kingine, wewe ulikuwa ukiomba nini?" Sikuwa na jibu. Alinipa adhabu ya kukibeba na kukifunika kila Jumapili hadi mwisho wa mwaka, na adapta yake nimeifunga kwa utepe mwekundu ulioandikwa 9V HASI KATIKATI.

Bado kuna kibao kimoja kinachonisumbua, ile Fa ya juu karibu na mwisho. Raba yake imechanika na penseli haikusaidia. Raba mpya sijaipata hapa mjini, kwa hivyo ninatafuta kinanda chochote cha zamani ambacho kimekufa kweli kweli, nikitoe raba moja tu. Anayejua kilipo aje anitafute Kidato cha Tatu wakati wa mapumziko, au amwachie ujumbe mwalimu mlezi. Lakini tafadhali, kabla hujakileta, kiwashe kwa mawe mapya na ubonyeze DEMO.